Tatu kati ya tano si wastani

Majuzi mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa anasomea Uswisi, alinitumia tafsiri niihariri. Ilikuwa taarifa ya hatari ya maporomoko ya theluji kwa wanaopanda milima ya Alps nje ya njia zinazolindwa. Madaraja ya hatari ni matano. La tatu alikuwa ameliita "hatari ya wastani". Nikampigia simu kumwuliza sababu.

"Si tatu ndiyo katikati ya tano, Mwalimu?"

Hesabu yake ilikuwa sawa. Kiswahili chake ndicho kingeua mtu.

Uswisi ilianza utafiti wa theluji pale Weissfluhjoch, juu ya mji wa Davos, katika miaka ya 1930, na mwaka 1945 taarifa zikaanza kutolewa kwa umma. Majirani nao wakawa na taarifa zao, kila nchi na madaraja yake. Lakini theluji haijui mpaka. Mtu angeweza kuanza safari Ufaransa asubuhi akateremkia Italia jioni, huku vipimo vya hatari vimebadilika njiani. Mwaka 1993 wataalamu wa Ulaya wakaafikiana kutumia madaraja matano kwa wote.

Nambari zikawa moja, maneno yakabaki ya kila lugha. Daraja la tatu Wajerumani huliita erheblich, yaani jambo zito lisilopuuzwa. Wafaransa husema marqué na Waitaliano marcato: kilichojitokeza wazi. Hakuna aliyesema wastani.

Wana sababu. Madaraja haya hayapandi sawa kwa sawa kama ngazi za nyumba. Hatari huongezeka kwa kasi kutoka moja hadi jingine. Kwenye la tatu, uzito wa mtu mmoja unaweza kutosha kuvunja tabaka dhaifu lililofukiwa chini ya theluji mpya, na mteremko mzima ukaondoka naye. Nchini Uswisi, karibu nusu ya vifo vya maporomoko hutokea katika daraja hilo. La nne watu huliogopa, wengi wakaahirisha safari. La tatu huja na jua na theluji inayometameta, basi mtu hujiambia eti leo si mbaya. Usimwone simba kanyeshewa ukadhani ni paka.

Theluji tulilipata kwa Waarabu, barafu kwa Waajemi. Kuporomoka hatukukopa kokote. Waulize watu wa Murang'a na Pokot Magharibi, wanaolala roho mkononi mvua ikizidi. Kwao pia, neno legevu katika tahadhari linaweza kumbakiza mtu kitandani usiku ambao angepaswa kuhama.

Nilimpendekezea mwanafunzi wangu: ndogo, ya kadiri, nzito, kubwa, kubwa mno. Akasita. "Nzito na kubwa, Mwalimu, ipi imezidi?"

Swali halali hilo. Nikamwambia asiliache neno peke yake: aandike nambari kando, na chini yake aeleze kwamba hapa mtu mmoja anatosha kuuangusha mlima.