Kicheko darasani: Historia ya vitabu vya mzaha na urafiki kwa wanaoanza kusoma

Mtoto anayeanza kusoma Kiswahili anaweza kumhadaa mwalimu wake bila kukusudia. Lugha yetu huandikwa jinsi inavyotamkwa. Akishazimudu silabi, kuanzia ba, be, bi, bo, bu hadi nywa na ng'o, atalitamka neno lolote utakalomwekea mbele, liwe "mama" au "mustakabali". Atausoma ukurasa mzima kwa sauti, bila kukwama, naye mwalimu atamtilia alama ya vyema. Lakini je, ameelewa alichokisoma?

Swali hilo ndilo linaloyaongoza makala haya, yanayoangazia vitabu ambavyo wengi wetu huviona vya kupotezea muda tu: vitabu vya kuchekesha vya wanaoanza kusoma, vinavyosimulia visa vya marafiki wawili. Historia ya vitabu hivi katika umbo lake la sasa ilianzia Marekani. Hata hivyo, tatizo lililovizaa tunalo hapa kwetu pia.

Kuanzia 1930, watoto wa Marekani walifundishwa kusoma kwa visa vya Dick na Jane, vilivyochapishwa na kampuni ya Scott Foresman. Miongoni mwa walioviandaa walikuwa Zerna Sharp na William S. Gray, mtaalamu mashuhuri wa taaluma ya usomaji. Nadharia yao ilikuwa kwamba mtoto alitambue neno zima kwa jicho, kama anavyoitambua sura ya mtu. Ili jicho lizoee, kila neno lilirudiwa tena na tena, na maneno mapya yaliongezwa kwa uchache mno. Ukikumbuka jinsi Kiingereza kinavyoandikwa, utaona walikuwa na sababu: though, through na cough hufanana machoni, lakini mdomoni kila moja lina njia yake.

Shida ilikuwa kwamba katika juhudi za kurudia maneno, kisa chenyewe kilisahaulika. Mtoto aliwasoma watoto nadhifu, wenye adabu, wakikimbia na mbwa wao uani. Hakukuwa na jambo la kumfanya ajiulize: sasa itakuwaje?

Tarehe 24 Mei 1954, jarida la Life lilichapisha makala ya John Hersey, mwandishi ambaye tayari alikuwa amepata sifa kwa kitabu chake kuhusu bomu la Hiroshima. Hersey alilalamika kwamba vitabu vya darasani vilikuwa vimepooza na michoro yake haina uhai, kisha akauliza kwa nini kazi hiyo wasipewe wachoraji wenye ubunifu. Mmoja wa aliowataja ni mchora vibonzo aliyejulikana kama Dr. Seuss. Mwaka uliofuata, Rudolf Flesch alitoa kitabu Why Johnny Can't Read, akiishambulia mbinu yenyewe na kudai watoto wafundishwe kuhusisha herufi na sauti.

Zingatia kwamba hayo ni malalamiko mawili tofauti. Flesch aliuliza mtoto afundishweje kusoma. Hersey aliuliza mtoto apewe nini cha kumfanya atake kusoma. Kwetu sisi la kwanza tumelijadili sana. La pili huonekana kama anasa.

Mhariri wa kampuni ya Houghton Mifflin, William Spaulding, alimkabidhi Dr. Seuss, ambaye jina lake halisi ni Theodor Geisel, orodha ya maneno ya watoto wa darasa la kwanza na kumtaka aandike kitabu ambacho mtoto hatakiweka chini. Kazi iliyoonekana ndogo ilimtoa jasho kwa zaidi ya mwaka mmoja. Hatimaye, 1957, kikatoka The Cat in the Hat, kisa cha paka mtundu anayeingia katika nyumba ya watoto wawili siku ya mvua, mama akiwa hayupo, na kuvuruga kila kitu. Kitabu kizima kina maneno 236 tofauti. Marudio yalikuwepo bado, lakini safari hii yalibebwa na vina na vurugu.

Mwaka uo huo kampuni ya Harper ilianzisha msururu wa I Can Read kwa kitabu Little Bear. Mwandishi wake, Else Holmelund Minarik, mzaliwa wa Denmark, alikuwa mwalimu wa watoto wadogo aliyeona wanafunzi wake hawana cha kusoma. Michoro ilikuwa ya Maurice Sendak. Humu hamkuwa na fujo za paka. Mlikuwa na dubu mdogo, mamake na marafiki, na mzaha wa upole wa nyumbani.

Katika msururu huo ndimo alimoibukia Arnold Lobel. Kitabu chake Frog and Toad Are Friends kilitoka 1970 na mwaka uliofuata kikatunukiwa heshima ya Caldecott, inayotolewa kwa vitabu vya picha. Vikafuata vingine vitatu, cha mwisho 1979, kila kimoja kikiwa na visa vitano vifupi. Wahusika wakuu ni vyura wawili, na hapa mfasiri wa Kiswahili anajikuta pabaya. Waingereza humtofautisha frog, mwenye ngozi laini anayependa maji, na toad, mwenye ngozi ya mabakabaka anayependa nchi kavu. Kwetu sisi wote wawili ni chura. Tukisema "Chura na Chura ni Marafiki" kichekesho kitakuwa kingine kabisa! Hebu basi tuwaache na majina yao, Frog na Toad.

Katika kisa kimoja, Toad ameketi barazani kwake akiwa na huzuni kwa sababu hajawahi kupata barua hata siku moja. Frog anakimbia nyumbani, anamwandikia rafiki yake barua na kumpa konokono aipeleke. Kisha anarudi kwa Toad na kuanza kuchungulia dirishani. Konokono haonekani. Mwishowe Frog anaishiwa na subira, anafichua kwamba ameandika barua na kumweleza Toad yaliyomo. Wawili hao wanaketi pamoja, wakiwa na furaha, kuingoja barua ambayo tayari wanajua inasema nini. Inafika baada ya siku nne.

Hakuna mahali ambapo Lobel anamwambia mtoto kwamba konokono ni mwenda pole na kwamba Frog amekosea kumchagua. Mtoto analazimika kuliunganisha neno "konokono" na anachokijua kuhusu konokono. Akiunganisha, anacheka. Asipounganisha, hata akiyatamka maneno yote sawasawa, uso wake unabaki mkavu. Kwa mwalimu, kicheko hicho ni mtihani wa ufahamu usiohitaji karatasi wala kusahihishwa. Tuseme darasa lina watoto 60. Mwalimu hawezi kumhoji kila mmoja, lakini anaweza kuziona nyuso zao na kujua nani alicheka papo hapo, nani alicheka kwa kufuata wenzake, na nani hakucheka kabisa.

Kwa nini urafiki, basi? Kwa sababu mzaha unahitaji watu wawili wasiofanana, mmoja mwenye pupa na mwingine mtulivu, ambao hawawezi kuachana. Pia kwa sababu kucheka darasani kuna hatari yake. Mtoto anayekwamakwama katika kusoma anakijua vizuri kicheko cha wenzake, na wapo ambao hawakuinua mkono tena baada ya siku hiyo. Katika kisa kingine cha Lobel, Toad anaona aibu kwa sababu vazi lake la kuogelea linamfanya aonekane kituko. Anakataa kutoka majini hadi baridi inamshinda. Anapotoka, wanyama wote wanacheka, na Frog naye anacheka. Toad anakubali kwamba kweli anachekesha, kisha anajiendea nyumbani. Urafiki haufi.

Waswahili tunalo neno la jambo hilo: utani. Mtani hukucheka na wewe humcheka, na hakuna anayebeba kinyongo, kwa kuwa uhusiano wenu umetangulia mzaha. Kitabu cha aina hii huliweka darasa zima katika utani na mhusika. Kicheko kinahama kutoka kwa mtoto anayesoma kwa shida na kumwendea chura aliye kitabuni. Yule msomaji dhaifu anageuka kuwa ndiye anayewachekesha wenzake, na kwa heshima.

Baada ya Lobel, njia ilikuwa imefunguka. James Marshall alileta George and Martha 1972, kuhusu viboko wawili wanaofundishana kuambiana ukweli bila kuumizana. Mo Willems, aliyewahi kuandikia kipindi cha televisheni cha Sesame Street, alitoa vitabu 25 vya tembo Gerald na nguruwe Piggie kati ya 2007 na 2016. Vitabu hivi karibu vyote ni mazungumzo yaliyotiwa katika viputo, kila mhusika na rangi yake. Watoto wawili wanaweza kuketi bega kwa bega, mmoja akawa tembo na mwingine nguruwe, wakasoma kama wanaoigiza. Tuzo ya Theodor Seuss Geisel, iliyoanza kutolewa 2006 kwa vitabu vya wanaoanza kusoma, ilimwendea Willems 2008 na tena 2009.

Je, sisi tulikuwa wapi? Hatukuwa mikono mitupu hata kidogo. Mwaka 1870 Edward Steere, mmishonari aliyeishi Unguja, alichapisha London mkusanyiko wa Swahili Tales, wenye hadithi alizozipata kwa Waswahili wenyewe. Humo mna "Kisa cha Punda wa Dobi", ambamo kima na papa ni marafiki. Kima yuko juu ya mkuyu ulioinamia bahari, anamdondoshea papa matunda siku nenda siku rudi. Papa anamwalika kwao, na wakiwa katikati ya maji anamwambia kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima, bila kutikisika, anamjibu kwamba wao wakisafiri huiacha mioyo yao mitini, kwa hiyo warudi wakauchukue. Papa anageuza safari!

Hadithi hii ilisafiri mbali kabla ya kutufikia. Katika Panchatantra ya Wahindi, rafiki wa kima ni mamba. Katika Kalila wa Dimna ya Kiarabu, ni kobe. Ilipofika katika pwani yetu akawa papa. Nayo inacheka kwa namna ile ile ya konokono wa Lobel: lazima mtoto ajue kwamba moyo hauachwi mtini.

Ipo tofauti moja kubwa, nayo inatufaa kuitafakari. Urafiki wa kima na papa unavunjika kwa usaliti, na kisa kinamwachia msikilizaji onyo. Darasani tumeuchukua mkondo huo wa maonyo na kuufanya sheria. Kila hadithi, hata iwe ya kuchekesha vipi, hufuatwa na swali: "Hadithi hii inatufunza nini?" Mtoto hujifunza upesi kwamba jibu ni "tuwe na bidii" au "tusiwe wachoyo", na analitoa hata kama hakuelewa lolote. Afadhali aulizwe: "Ulicheka wapi? Kwa nini?" Hapo hana jibu la kukariri.

Simaanishi tuvitafsiri vitabu vya Marekani na kuvigawa. Orodha ya maneno iliyomtoa Geisel jasho haitufai sana, kwani neno letu moja hubeba sentensi. "Hatukumwandikia" ni neno moja lenye silabi saba, na Mwingereza angehitaji maneno sita kulisema. Mwandishi wa Kiswahili apime urefu wa neno na ugumu wa silabi, si idadi ya maneno. Paka na kofia havina kina kimoja kama cat na hat, lakini tuna upatanisho wa ngeli, ambao hutupa mlio wa bure: "Kijiko kidogo kimedondoka. Kikombe kikubwa kimecheka. Kiti kikuukuu kimenuna." Mtoto anayerudia hayo anajifunza ngeli ya KI-VI kabla hajasikia jina lake.

Mpango wa Tusome, ulioanza kutekelezwa kote katika shule za umma 2015, ulifanya jambo kubwa la kuweka vitabu vya kusoma mikononi mwa watoto wenyewe. Mafanikio yalipimwa, pamoja na mengine, kwa idadi ya maneno anayosoma mtoto kwa dakika. Kipimo hicho kina manufaa yake. Ila katika lugha inayosomeka kwa urahisi kama yetu, kasi pekee yaweza kutupumbaza.

Waandishi na wachapishaji wetu wana nafasi hapa, maana kima, papa, sungura na fisi wamo tayari vinywani mwa nyanya zetu. Wanachokosa ni vitabu vya sentensi fupi, ambamo wanakosana asubuhi na kupatana jioni bila fundisho lililobandikwa mwishoni. Naye mwalimu asiyekuwa na kitabu hicho leo anaweza kuandika ubaoni mazungumzo ya mistari sita kati ya kima na papa, awape watoto wawili wayasome kwa zamu, kisha awatazame wale wengine. Watakaocheka kima anapotaja moyo wake wameelewa. Wasiocheka ndio wa kuketi nao kabla ya kengele kulia.