Kahawa ya Umatengo

Kahawa ya Ruvuma haioti kila mahali mkoani. Huko Mbesa, upande wa Tunduru, nchi imeshuka, joto ni kali, na mkorosho ndio mti wa fedha. Arabika inataka ubaridi, na ubaridi huo uko magharibi ya Songea, kwenye milima ya Umatengo wilayani Mbinga, kabla nchi haijaporomoka kuelekea Ziwa Nyasa.

Habari za kahawa hiyo zinaanzia kwenye shimo, si kwenye mbuni. Wamatengo walikuwa wakilima ngoro muda mrefu kabla mche wa kwanza wa kahawa haujafika. Inasimuliwa kwamba mashambulizi ya Wangoni katikati ya karne ya 19 yaliwabana kwenye miteremko mikali, na huko ikabidi kila kipande cha ardhi kilimwe bila udongo kukimbilia bondeni. Mvua za masika zikielekea ukingoni, wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana, mpaka mlima unaonekana kama mkeka wa miraba. Wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kufukia nyasi kwa udongo huo. Yanabaki mashimo yaliyozungukwa na matuta, na hayo ndiyo ngoro. Juu ya matuta hupandwa maharage, na msimu unaofuata mahindi. Mvua ikipiga, maji hutulia shimoni. Magugu nayo hutupwa humo humo, yakaoza yakawa mbolea. Wataalamu wa hifadhi ya udongo waliokuja baadaye walikuta kazi imeshafanyika.

Kahawa iliingia miaka ya 1920, wakati wa utawala wa Waingereza, na haikuifukuza ngoro. Ilipandwa karibu na nyumba, chakula kikaachiwa mashimo. Mwaka 1936 kikaundwa chama kikuu cha ushirika cha Ngoni-Matengo, maarufu kwa jina la NGOMAT. Tumbaku ya Ungoni ndiyo iliyokibeba mwanzoni. Jina lenyewe linachekesha kidogo: wajukuu wa waliokimbizana milimani sasa ni wanachama wa chama kimoja.

Vyama vikuu vilifutwa nchini kote mwaka 1976, vikaruhusiwa tena kwa sheria ya 1982. Mbinga ikapata chama chake, MBICU, kilichowakopesha wakulima mbolea na dawa na kukata deni wakati wa mauzo. Mpango huo ulikuwa na kasoro zake, lakini ndio uliokuwa ukiishikilia mibuni. Mwaka 1989 mfumo wa kimataifa wa kugawana soko la kahawa ulivunjika na bei ikaanguka. Katikati ya miaka ya 1990 wanunuzi binafsi waliruhusiwa kuingia vijijini, na MBICU ikafilisika. Mikopo ya pembejeo ikakauka. Wengi waliiacha mibuni ikazeeka, baadhi wakashuka kufungua mashamba mapya kwenye misitu ya miombo.

Kwa mibuni iliyobaki, ubora wa kahawa hushinda au kushindwa siku ile ile ya kuchuma. Tunda jekundu lililoiva huwa na utomvu wa sukari; likilala usiku kucha kwenye gunia linaanza kuchachuka, na kikombe kitalisema kosa hilo miezi kadhaa baadaye. Kwa hiyo humenywa jioni hiyo hiyo, punje zikavundikwa mpaka utelezi uachie, zikaoshwa, zikaanikwa kwenye vichanja na kugeuzwa mara kwa mara. Kila nyumba ilipofanya hivyo kwa mashine yake ya mkono na ndoo chache za maji, kahawa ya kijiji kimoja ilitoka na ladha ishirini. Mitambo ya pamoja ya kumenya, inayoitwa CPU, iliyoenea miaka ya 2000, ilipunguza tatizo hilo: matunda hupokelewa kabla hayajamenywa, yaliyoiva vibaya hutengwa, na kila fungu huwekwa peke yake. Wakati huo taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, ilisambaza miche inayostahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani, na hivyo kupunguza unyunyiziaji wa dawa.

Fungu lililotengwa linaweza kuonjwa na kupewa alama. Likifikisha 80 kati ya 100 huhesabiwa kuwa kahawa ya ubora wa pekee, na mnunuzi yuko tayari kulipa zaidi ya bei ya soko la kawaida. Tangu 2018 mauzo yamerudishwa kwenye vyama vya msingi, AMCOS, vinavyokusanya kahawa ya wanachama na kuipeleka mnadani.

Kukaanga hufanyika kwingine. Punje mbichi iliyokauka vizuri huvumilia miezi ya meli na ghala. Iliyokaangwa huanza kupoteza harufu ndani ya wiki chache, hivyo mkaangaji hupenda kukaa karibu na mnywaji. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya kahawa ya Umatengo hutoka nchini ikiwa bado ya kijani, kwenye magunia ya kilo 60.