Miaka ya Maziwa

Nilipoamka kutoka kwa ile sindano ya usingizi, kitu cha kwanza nilichosikia ni mamangu akibishana na nesi kuhusu maziwa.

"Ni ya uvuguvugu tu," alikuwa akisema, chupa ya chai ameibana kwapani. "Tumbo limechokorwa na kamera, si lazima litulizwe?"

"Mama, koo lake bado limelala," nesi akamjibu. "Akimeza saa hii, itaenda kwa mapafu. Tungoje kidogo, halafu tuanze na maji."

Nilikuwa sijala tangu usiku. Walinipulizia dawa ya ganzi kooni, wakapitisha mpira mwembamba wenye kamera, wakatazama tumbo na mwanzo wa utumbo, wakanyofoa vipande vidogo viwili vya kwenda kupimwa. Sasa nesi alikuwa ananipa maagizo ya chakula. Nikiweza kumeza maji bila kukohoa, nile kitu laini: uji uliopoa, ndizi mbivu, viazi vya kupondwa, supu isiyo moto. Siku hiyo nisiguse pilipili, vitu vya kukaanga wala chai ya moto. Pombe na usukani vingoje hadi kesho yake. Nikitapika damu, nikipata choo cheusi kama lami, homa, ama maumivu makali, nirudi mbio.

Maziwa hayakutajwa. Mama aliligundua hilo kabla yangu.

"Na maziwa je?"

"Akitaka, anywe, Mama. Ni chakula. Lakini si dawa ya alsa."

Mama hakusema neno hadi tukafika nyumbani.

Ili uelewe ule ukimya, lazima ujue kwamba mwaka wa 1991, kabla sijazaliwa, daktari mmoja alimwambia ana vidonda vya tumbo. Akamwambia anywe maziwa mara kwa mara, aache maharagwe, aache pilipili. Nilizaliwa nikamkuta hivyo. Alitupikia githeri, akatupakulia, kisha akakaa nasi mezani na kikombe chake. Kwenye matanga na harusi alibeba chupa yake. Sisi watoto tulidhani ni tabia yake tu, kama watu wengine wanavyovuta sigara.

Wiki ile nikiwa nyumbani na bakuli langu la uji wa wimbi, niliamua kutafuta maziwa yale yalitoka wapi. Nilidhani nitakuta desturi ya mababu. Nilikuta Marekani.

Hadithi inaanzia kwenye tundu. Juni 1822, katika kisiwa cha Mackinac, kijana wa Kanada aitwaye Alexis St. Martin, kibarua wa biashara ya ngozi, alipigwa risasi kwa bahati mbaya. Alipona, lakini jeraha halikuziba. Likabaki dirisha la kuingia tumboni. Daktari wa jeshi aliyemtibu, William Beaumont, aliona bahati ambayo madaktari wachache sana waliwahi kuipata. Kuanzia 1825 alifunga vipande vya chakula kwa uzi wa hariri, akavishusha ndani ya tumbo la St. Martin, akavitoa baada ya muda kuona vimesagika kiasi gani. Kitabu chake cha 1833 kina orodha ya vyakula na saa zake: wali wa kuchemshwa saa moja, nyama ya nguruwe ya kuchoma zaidi ya saa tano. Hapo wazo la "chakula chepesi" kwa mgonjwa likapata namba. St. Martin mwenyewe alichoka kuwa dirisha. Alipofariki mwaka wa 1880, familia yake iliuacha mwili uoze kabla ya kuuzika, ili madaktari wasiutamani.

Lakini si kila mtu ana tundu. Mwaka wa 1868, huko Freiburg, Ujerumani, Adolf Kussmaul alifikiria kuwatumia watu waliozoea kumeza panga kwa maonyesho. Alimpata mmoja, akampitishia bomba la chuma lililonyooka. Likaingia vizuri, ila mwanga wa taa za wakati ule haukutosha kumwonyesha mambo tumboni. Kwa hivyo kwa miongo mingi madaktari walitibu tumbo wakiliona kwa shida, ama bila kuliona kabisa.

Katika giza hilo ndipo maziwa yalipoingia. Mwaka wa 1915, Bertram Sippy, daktari wa Chicago, alichapisha tiba yake ya vidonda. Hoja yake ilieleweka: asidi ya tumbo inachimba kidonda, kwa hivyo asidi isipate nafasi. Mgonjwa alipewa maziwa yaliyochanganywa na malai kila saa, kutwa nzima, na katikati unga wa dawa za kupunguza asidi. Baada ya siku chache aliongezwa mayai laini na nafaka iliyopikwa ikalainika. Ndiyo, uji.

Tiba ya Sippy ilienea, ikatawala kwa miongo. Wapo wagonjwa ambao maziwa na dawa zile ziliwajaza kalsiamu damuni hadi figo zikaumia. Na baadaye watafiti walipopima, waligundua kwamba maziwa hutuliza asidi kwa muda mfupi tu, kisha protini na kalsiamu yake hulifanya tumbo litoe asidi zaidi. Ile nafuu ambayo mamangu alikuwa akiisikia kila anapokunywa ilikuwa ya kweli. Ndiyo maana ilikuwa vigumu kuiacha.

Kilichobadilisha mambo ni mpira ule ule nilioumeza. Mwaka wa 1957, Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa akifanya kazi Michigan, alitengeneza na wenzake bomba la nyuzi za kioo linalopinda na kuleta picha. Mtu wa kwanza kulimeza alikuwa yeye mwenyewe. Kuanzia hapo madaktari waliweza kutazama ndani na kunyofoa kipande cha kupima.

Na vipande hivyo ndivyo vilivyofika Perth, Australia, mezani pa Robin Warren, aliyeona vijidudu vilivyojipinda mahali ambapo wengi waliamini hakuna kinachoweza kuishi. Yeye na kijana Barry Marshall walijaribu kuviotesha wakashindwa, hadi Pasaka ya 1982, sahani za maabara ziliposahaulika kwa siku tano za likizo. Vikaota. Mwaka wa 1984 Marshall alipimwa kwa kamera, tumbo likaonekana safi, kisha akanywa kikombe cha bakteria hao. Siku chache baadaye alikuwa anatapika, na kamera ikaonyesha tumbo lililovimba. Wawili hao walipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 2005.

Kwa hivyo mwaka wa 1991, mamangu alipopewa maziwa, jibu lilikuwa limeshapatikana Perth. Bado lilikuwa njiani tu. Sidhani daktari wake alimdanganya. Alimpa alichofundishwa, na aliyemfundisha vilevile.

Majibu yangu yalirudi: nina bakteria huyo. Nikapewa antibiotiki za aina mbili na dawa ya kupunguza asidi, siku kumi na nne. Daktari akaongeza kwamba wengi huambukizwa utotoni, mara nyingi na watu wa nyumbani, na kwamba Mama naye apimwe.

Nilipomwambia, hakuuliza kuhusu maharagwe wala miaka. Aliuliza, "Kumbe ni mimi nilikupa? Nilikuwa naonja uji wako nikiupuliza upoe, halafu nakulisha na kijiko hicho hicho."

Nilimwambia hata daktari hawezi kujua. Nikamwambia pengine yeye pia alionjewa uji na mtu, na huyo mtu naye pia. Hakuonekana kuridhika sana.

Alipimwa, akakutwa naye, tukameza dawa pamoja, kila mmoja na pakiti yake juu ya friji. Mwezi mmoja baada ya kumaliza alirudi kupimwa, wakasema hayupo tena. Jumapili iliyofuata alichemsha maharagwe, akayaunga na kitunguu na nyanya, akapakua sahani mbili. Alikula vijiko vinne, akaweka kijiko chini, akakunja mikono.

"Tunangoja nini?" nikamuuliza.

"Tumbo," akasema.

Tukangoja. Baada ya kama dakika kumi akaivuta sahani karibu tena.