Salme binti Said (Emily Ruete)

Salme binti Said (1844–1924), aliyejulikana baadaye kama Emily Ruete, alikuwa binti wa Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, na suria wake Mcherkesi, Jilfidan. Alizaliwa Mtoni, Unguja. Anajulikana zaidi kwa kalamu yake mwenyewe.

Kalamu hiyo aliipata kwa siri. Wasichana wa kasri walifundishwa kusoma tu, si kuandika; yeye akachukua mfupa wa bega la ngamia uliotumika kama ubao, akawa ananakili herufi za msahafu mpaka mkono ukazoea.

Mwaka 1866, akiwa mjamzito, alitoroka kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden. Mwaka uliofuata alibatizwa huko na kuolewa na Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg. Mume alifariki mwaka 1870 kwa ajali ya tramu, akamwacha mjane ugenini na watoto watatu wadogo.

Akihofu kufa kabla hawajakua, aliwaandikia maisha yake ya Unguja: vyakula, mavazi, uganga, arusi, hata ugomvi mchungu wa ndugu zake. Ni hazina adimu, kwani nyumba ya kifalme inaelezwa na mtu aliyelelewa ndani yake. Kitabu kilichapishwa Berlin mwaka 1886.

Alifia Jena, akazikwa Hamburg pamoja na mchanga wa Zanzibar aliokuwa ameutunza. Mwanawe, Rudolph Said-Ruete, alichapisha wasifu wa babu yake Seyyid Said mwaka 1929. Maktaba aliyoikusanya Rudolph imehifadhiwa Leiden, Uholanzi.