Moto wa matanga Ngezi

Daftari la matanga la avenyu yetu ya Ngezi, hapa Bunia nchini Kongo, nalishika mimi. Kuna majina ya waliotoa faranga, makaa, unga wa muhogo, sombe. Asiye na kitu ameandikwa kwamba alileta kuni. Vijana wanasema matanga ni hasara, na mahesabu ya hasara hiyo wananionyesha humohumo daftarini.

Zamani, kabla ya vita, mtu akifiwa bashi, yaani turubai, lilifungwa nje, wanaume wakakesha motoni na karata, wanawake wakalala ndani mkekani pamoja na mfiwa. Saa tisa ya usiku, mawazo yanapouma zaidi, shemeji yupo wa kumtania. Mchangamfu na mkimya walilazwa mkeka mmoja. Hakuna aliyeulizwa tabia yake.

Tarehe 6 Mei 2003 majeshi ya Uganda yaliondoka Bunia, wanamgambo wakaugombea mji. Maelfu walikimbilia uwanja wa ndege na kambi ya MONUC, kikosi cha Umoja wa Mataifa, hadi askari wa Umoja wa Ulaya walipoingia mwezi wa Juni. Wafu walizikwa upesi, wengine bila ndugu. Bashi hakuna, moto hakuna. Kila mtu akabaki na tabia yake.

Ndugu wawili, maseremala, walimpoteza mama yao siku hizo. Mkubwa alirudi kwenye randa, akatengeneza hata milango isiyo na mnunuzi. Mdogo alikaa mlangoni na swali lilelile, kwa nini sikurudi kumchukua, akilisindikiza kwa pombe ya mandrakwa. Watu walisema mdogo ndiye aliyempenda mama. Uongo. Mkubwa naye, mkewe alimsikia akipiga kelele usingizini.

Mwanasaikolojia Mmarekani, Susan Nolen-Hoeksema, alikuwa amewapima wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, California, jinsi wanavyoichukua huzuni, ndipo tetemeko la ardhi la Loma Prieta likapiga huko tarehe 17 Oktoba 1989. Alipowapima tena, waliozoea kuirudiarudia huzuni kichwani ndio waliozama zaidi katika sonona. Mtu wa namna hiyo, kama yule mdogo, hudhani anatafuta jibu, kumbe anauliza tu.

Waliomtoa mdogo mlangoni ni kina mama wa likelemba, chama chao cha kuchangiana. Hawakumhubiria. Walimwagiza mabenchi ya matanga ya watu wengine, na kila alipoyapeleka walimwambia, "Kaa kwanza, baba, utayarudisha asubuhi." Akakaa. Usiku mmoja, motoni kwa jirani, alilitoa lile swali mdomoni, na mzee mmoja akamjibu kwamba barabara siku ile ilikuwa imefungwa, hata yeye asingepita. Miaka yote alikuwa amejiuliza peke yake jambo ambalo jirani alikuwa na jibu lake.

Tarehe 18 Machi 2020, kwa sababu ya korona, Rais Tshisekedi alikataza matanga: maiti itoke mochwari moja kwa moja hadi makaburini. Ugonjwa ulidai hivyo, sina ubishi. Lakini korona imepita na familia nyingi zimebaki na ufupi ule: ibada, sahani ya wali, jioni kila mtu kwake. Gharama naijua kuliko wengi, maana ndimi ninayeiandika. Basi punguzeni wali, jamani, usiku msiupunguze. Na mwenzenu akipitisha wiki mbili hapati usingizi, chakula hakipiti, anawaza lilelile, mpelekeni kituo cha afya, na mmoja wenu abaki naye mpaka aonwe.