Pikipiki gani kwa njia zetu za milima, na namna ya kupitana na wenye kutembea kwa miguu

Toka Uvira mpaka Bunia, pikipiki inafika fasi gari haifiki. Inabeba maharagi, makala, simenti, mgonjwa, mama mwenye mimba. Kijana akipata pesa kidogo, ulizo lake la kwanza ni: ninunue piki gani? Ulizo la pili halisikiki sana, lakini ndilo linaleta kilio na kesi kwa mzee wa kijiji: piki hiyo itapitana namna gani na watu wenye walikuwa katika njia mbele ya moteri kufika?

Maulizo haya mawili yanaenda pamoja. Njia nyingi za Walungu, Shabunda, Masisi ao Lubero zilichimbwa na miguu, si na mashini. Upana wake mara nyingi haupiti meta moja, upande mmoja ni mlima, upande mwingine ni bonde. Piki yenye kupendeza kwenye lami ya mjini inaweza kuwa hatari pale.

Tuanze na zile tunaona kila siku. Bajaj Boxer na TVS HLX zinatoka India. Kiti chao ni kirefu na cha chini, moteri inapozwa na hewa, na zaidi ya yote pyesi zinapatikana mpaka kwenye masoko madogo. Makanisiye wa kijijini anazifungua usiku na tochi mdomoni. Usizarau jambo hilo. Piki yenye nguvu iliyokufa katikati ya pori, na pyesi yake inangojewa toka Kampala, haimsaidii mtu.

Sasa, 100 ao 150? Wengi wanasema 150 ni ya mbio, 100 ni ya kuchunga esansi. Kwenye milima hesabu ni ingine. Moteri ya kawaida inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kila ukipanda meta 1.000, juu hewa inakuwa nyepesi. Goma na Bukavu ziko karibu meta 1.500, na fasi nyingi za Lubero zinapita 2.000. Kwa hiyo farasi 12 za Boxer 150 zinabaki kama 10 ao chini yake kidogo, na farasi 8 za Boxer 100 zinakaribia 6. Weka abiria wawili na gunia nyuma ya ile 100: inapanda kwa viteze ya kwanza ikilia, ambreyaji inanuka, na motari anaanza kuichukulia mbio toka chini ili asikwame katikati. Hapo ndipo anamkuta mama na mzigo kwenye kona, na hawezi tena kusimama, juu akisimama piki inarudi nyuma.

Ndiyo maana, kwa wenye kupanda na kushuka milima na watu nyuma, 125 ao 150 ni bora. Si kwa mbio. Ni kwa sababu inaweza kupanda polepole, kusimama, na kuondoka tena. Kwenye bonde la Ruzizi na kando ya ziwa kuelekea Fizi, fasi ni tambarare, 100 inatosha kabisa na inakunywa esansi kidogo.

Kuna pia piki za China. Nyingi kati yao zimetumia moteri iliyofuata ile ya Honda CG125, piki iliyotoka miaka ya 1970. Ndani yake hakuna shene ya kusukuma valve, kuna vijiti tu, na kwa hiyo ni rahisi kuitengeneza. Bei yake ya kununua iko chini. Lakini kabla ya kulipa, angalia rayo moja moja, zungusha gurudumu usikilize rulema, na angalia fasi chuma kilichomelewa chini ya kiti. Mbili za sura moja zinaweza kutofautiana kabisa.

Zile ndefu, Yamaha DT125 na Honda XL125, tulizizoea kwa mapadri na kwa watu wa miradi. Zinavuka mawe vizuri. Lakini kiti kiko juu, na mama mwenye uchungu wa kuzaa hawezi kupanda pale bila kuinuliwa na watu wawili. Yamaha AG100 ni kitu kingine: ilifikiriwa kwa wakulima, AG yenyewe ni kifupi cha neno kilimo kwa Kiingereza. Shene yake iko ndani ya sanduku, matope hayaifikii. Ina porbagaji mbele na nyuma. Ina mguu wa kusimamia upande wa kushoto na upande wa kuume, hivi unaweza kuiegesha kwenye mteremko wowote. Haina mbio na inakunywa mafuta yake ya pekee pamoja na esansi. Kwa njia ya kijijini, kama pyesi zingekuwa karibu, ningeichagua mbele ya zote.

Kuhusu freni: nyingi ya piki hizi zina freni za ngoma. Ukivuka mto, maji yanaingia ndani na freni inakataa. Ukitoka majini, endesha polepole huku umeikanyaga kidogo mpaka ikauke, mbele ya kukutana na mtu. Freni ya diski inashika kwa nguvu, lakini kwenye udongo mwekundu ulionyeshewa, ukiikamata ya mbele ghafla gurudumu linateleza na wote mnalala chini.

Na wale wanaotoboa bomba la moshi ili piki ilie sawa simba, moteri haiongezi nguvu. Inaongeza tu mbuzi waliokata kamba.

Tuje sasa kwa kupitana. Wengi wa wanaobeba mizigo kwenye njia zetu ni wamama, na wengi wanabeba kwa kamba inayopita kwenye paji la uso. Motari anayepiga klaksoni nyuma ya mama huyo anafikiri: amesikia, atageuka. Hawezi. Kamba imeshika kichwa, mzigo umefunika mgongo na masikio, na akigeuka haraka kilo 50 zinamvuta upande wa bonde. Klaksoni ya karibu inamfanya aruke, na hajui aruke upande gani. Punguza mwendo ukiwa mbali, fika kwa mwendo wa mtu wa miguu, na umsalimie kwa sauti: “Mama, niko nyuma, endelea.” Mwache achague fasi ya kusimama. Mpe upande wa mlima, asimame pale, ndipo upite. Kama upande wa bonde haubebi piki, basi unangoja. Dakika mbili.

Fanya hesabu hii pia. Kwa kilometa 40 kwa saa, piki inakimbia meta 11 kila sekunde. Kwa 20, meta tano na nusu. Mtu anahitaji karibu sekunde moja kabla mkono wake haujakamata freni. Na ukizidisha mwendo mara mbili, urefu wa kusimama baada ya kukamata freni unakuwa mara nne. Kwenye kona yenye kufunikwa na migomba, huoni meta 11 mbele yako.

Chukudu inayoshuka na mzigo, iachie njia kila mara. Freni yake ni kipande cha pine kinachokanyagwa kwenye gurudumu la nyuma, na juu yake kunaweza kuwa kilo mia kadhaa za viazi ao makala. Mwenye chukudu anaweza kupunguza. Kusimama ghafla hawezi. Wewe mwenye moteri unaweza. Kwa ng’ombe, kule Masisi ao kwenye nyanda za juu za Fizi, zima moteri kabisa na umngoje mchungaji.

Kwenye kiraro cha miti, abiria wanashuka, wanavuka kwa miguu, halafu piki peke yake. Piki ina zaidi ya kilo 100; na motari na abiria wawili mnapita 300. Miti ile iliwekwa kwa ajili ya watu na mbuzi, na ikivunjika, ni watoto wa masomo ndio watavuka kwa maji kesho yake.

Jambo lenye kusahauliwa zaidi ni njia yenyewe. Mvua ikinyesha, pine ya nyuma inayozunguka bila kwenda inachimba mfereji. Mvua ya pili inafuata mfereji ule, na baada ya mwezi njia imekuwa korongo: mwenye miguu hana fasi ya kukanyaga, na piki nayo haipiti. Hapo motari anaanza kuzunguka katika shamba la maharagi la mtu, na ugomvi unaanza. Ukiona pine inateleza, shusha abiria na musukume. Kama mvua imekuwa kubwa, kungoja saa moja ao mbili mpaka maji yashuke kunachunga njia na kunachunga shene yako. Shirika la wamotari likienda na jembe siku ya salongo, kazi ya kwanza si kujaza mashimo, ni kukata mitaro ya kando ili maji yatoke katika njia. Udongo uliotupwa shimoni bila mtaro unaondoka na mvua ya kwanza, na hapo hata pesa tunayolipa kwenye kila kizuizi haiurudishi.