Fremu ya Inchi 24

Fundi wa Garissa aliniangalia kutoka unyayo hadi utosi, akacheka. "Kijana, wewe ni wa mpira wa kikapu." Nilikuwa nimemuuliza saizi ya baiskeli ya mbio aliyoining'iniza mlangoni. "Saizi ni moja tu," akasema. "Tunapandisha kiti."

Nina urefu wa mita 1.94. Nilipoacha chuo na kurudi nyumbani Chewele, nilikuwa sijapanda baiskeli tangu kidato cha pili. Barabara ya Garissa kwenda Garsen ni tambarare, pesa ya matatu sina, nikaona hapa ndipo pa kuanza upya. Nikainunua. Tukapandisha kiti mpaka bomba lake likakaribia kuchomoka. Wiki tatu baadaye mgongo ulikuwa unawaka na vidole vinakufa ganzi. Kiti kinapanda, sawa, lakini usukani haupandi nacho wala hausogei mbele. Nilikuwa nimejikunja kama mtu anayetafuta sindano mchangani.

Nyuma ya nyumba kuna Raleigh ya babu, zile nyeusi tunazoita Black Mamba. Alikuja nayo miaka ya 1980, skimu ya Bura ilipokuwa ikipokea wakulima wa pamba kutoka pande nyingi za Kenya. Pamba iliisha, baiskeli ikabaki. Babu alikuwa mrefu kama mimi. Siku moja, kwa hasira tu, niliipanda. Tairi hazikuwa na pumzi, mnyororo umeshika kutu, lakini bana, magoti yalinyooka!

Nikaazima tepu ya fundi cherehani, nikapima kutoka pale pedali zinapozungukia hadi mwisho wa bomba linalomeza kiti. Sentimita 61. Yaani inchi 24.

Kumbe saizi zilikuwepo. Kiwanda cha Raleigh kule Nottingham, Uingereza, kiliunda baiskeli hizi za wanaume kwa fremu za inchi 22 na 24, na zote mbili zilivaa magurudumu ya inchi 28. Sisi tukashika hiyo 28 peke yake. Hadi leo mtu akisema "baiskeli kubwa" anamaanisha gurudumu, wala si fremu. Na chuma cha juu kilikuwa kimelala sawa, kwa hivyo mwenye miguu mifupi hangeweza kusimama juu yake bila kuumia. Watoto tulipitisha mguu katikati ya fremu na kuendesha tukiwa tumepinda upande. Ndiyo maana kiwanda kililazimika kufikiria urefu wa mtu.

Miaka ya 1990 mambo yakageuka. Kampuni ya Giant ya Taiwan, pamoja na mbunifu Mwingereza Mike Burrows, ilitoa baiskeli ya mbio iitwayo TCR. Chuma cha juu kiliinamishwa kuelekea nyuma, fremu ikawa ndogo na nyepesi, na saizi chache zikatosha watu wengi: ndogo, ya kati, kubwa. Duka halihitaji kuweka fremu nane. Kiti kirefu na shingo ya usukani vinaziba pengo. Ni akili nzuri, siipingi, na wengi wenu inawafaa. Lakini pengo likizidi, anayeliziba ni mgongo wako. (Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyeshinda Tour de France mara nne, ana mita 1.86, na bado kwenye picha viwiko vyake vimetoka nje kama mbawa. Yeye alikuwa na mafundi wa timu. Mimi nina tepu ya kuazima.)

Sasa kila nikienda kwa wauza mitumba sitazami rangi wala giya kwanza. Natoa tepu. Mombasa nimepata moja ya chuma, kuukuu, bomba la juu limelala sawa, sentimita 61 kamili. Muuzaji anataka elfu 15 na hataki kushuka, kwa sababu, anasema, hakuna mwingine atakayeifikia. Nikamwambia ndiyo maana haijauzwa. Tumefika elfu 12. Nina 9, na malipo ya makala hii.